Mkono umeamka, miguu bado imenyamaza

Barua za mwezi huu zimenikuta barazani kwangu Mikindani, mguu mmoja juu ya kigoda kwa sababu ya goti. Kazi ya mazoezi ya viungo niliistaafu baada ya miaka 31, lakini goti halijui kustaafu. Barua ni nne na zote ni za mishipa, kwa hiyo tuelewane kwanza kuhusu hilo neno. Kwa Kiswahili chetu cha pwani mshipa ni wa damu, mshipa ni kano inayovuta kidole, mshipa ni wa fahamu, na mzee akikunong'oneza kwamba ana mshipa anamaanisha kitu kingine kabisa ambacho leo hatukigusi. Ule wa fahamu nitauita neva, tusichanganyane.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mkulima wa korosho huku Newala, nina miaka 34. Mwezi wa nne nilikuwa napogolea mikorosho, panga likateleza kwenye tawi likanikata kifundo cha mkono wa kushoto, upande wa kidole kidogo. Zahanati walinishona, damu ikakoma. Baadaye nikaona kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete vina ganzi. Wiki mbili baada ya ajali nikafanyiwa upasuaji hospitali ya rufaa, wakaunga neva. Sasa ni miezi minne na kidole hakisikii kitu. Juzi kimeungua kwenye sufuria nisijue. Ila nikijigonga kiganjani napigwa shoti. Je, walinishona vibaya?*

Marahaba mwanangu. Hawakukushona vibaya, na hiyo shoti ya kiganjani ndiyo habari njema kuliko zote ulizoniandikia. Ngoja nikwambie walichoshona ni nini hasa.

Neva uliyoikata ina nyuzi maelfu ndani yake, zinaitwa aksoni, nyembamba kuliko unywele. Kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja, na seli yenyewe haikai mkononi. Inakaa juu huko, chini kidogo ya shingo, ndani ya uti wa mgongo au pembeni yake. Panga lilipopita, nyuzi zote za upande wa vidole zilitengwa na seli zake, na uzi uliotengwa na seli yake hauishi. Unakatika vipande vipande na kuoza. Mwingereza Augustus Waller aliliona hilo mwaka 1850 alipokata neva za ulimi wa chura. Hakuna daktari anayeweza kushona nyuzi hizo moja moja. Alichoshona wako ni ala ya nje, ili ncha mbili zitazamane vizuri. Ndani ya ala hiyo uzi mpya lazima uote kutoka kwenye kovu hadi ncha ya kidole, na hauoti peke yake.

Unaoteshwa na seli za Schwann, zilizopewa jina la Mjerumani Theodor Schwann aliyezieleza mwaka 1839. Siku za kawaida kazi yao ni kuizungushia aksoni mafuta yanayoitwa mayelini, kama plastiki juu ya waya wa umeme. Ni za ukoo mkubwa wa seli zinazoitwa glia. Neno hilo ni la Kigiriki na maana yake ni gundi, maana Rudolf Virchow, aliyeupa ukoo huo jina katika miaka ya 1850, alidhani upo tu kushikilia vitu visitawanyike. Dhana ile ilikwisha zamani, jina likabaki.

Uzi ukikatika, seli ya Schwann haifi nao. Inabadili kazi. Ndani ya siku chache inaacha kutengeneza mayelini, inaanza kuila ile ya zamani, inaziita seli walaji kutoka kwenye damu zije kusaidia kufagia, kisha inajigawa na kujigawa tena. Wewe mkulima utanielewa nikisema ni palizi, hakuna anayeweza kuokota korosho kwenye shamba lenye majani marefu. Na palizi ikiisha, zinapiga kamba. Zinajipanga mstari ndani ya mirija ile ile ya nyuzi za zamani, na zinatoa kemikali za kuiita aksoni changa na kuilisha. (Ugunduzi wa chakula cha aina hiyo uliwapa Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986.) Aksoni inatambaa juu ya kamba hiyo. Ikiikosa inazunguka pale pale kwenye kovu na kufanya fundo linalouma ukiligusa.

Mwendo wake ni kama milimita moja kwa siku. Tupige hesabu yako. Ondoa mwezi wa kwanza, wa kujikusanya na kuvuka kovu. Zimebaki siku 90, yaani sentimita tisa. Chukua rula ya mtoto wa shule, pima kutoka kwenye kovu kuelekea kidoleni. Utaishia karibu na shina la kidole kidogo, na naamini hapo ndipo shoti inapokupiga. Mwaka 1915 Mfaransa Jules Tinel na Mjerumani Paul Hoffmann waliliandika jambo hili, kila mmoja akiwa upande wake wa vita: ukigonga mahali ncha changa zilipofika, zinajibu. Basi kila Jumapili gonga taratibu, anzia ncha ya kidole urudi kuelekea kwenye kovu, na pale panapojibu kwanza tia alama ya peni, uandike na tarehe. Alama ikizidi kusogea kidoleni, mambo yanakwenda. Ikiganda mahali pamoja kwa miezi miwili au mitatu, rudi kwa aliyekupasua, usiniandikie mimi.

Wiki mbili ulizochelewa si kitu. Ungechelewa mwaka ningekuwa na maneno mengine. Seli za Schwann zisipofikiwa na aksoni kwa miezi mingi huchoka, hupungua, na zile kemikali hukauka. Misuli midogo ya kiganja nayo ikikaa bila neva kwa mwaka mmoja na nusu hivi, inageuka makovu na mafuta, hata neva ikifika inakuta nyumba haina mtu. Ndiyo maana kila nilipopata nafasi ya kukaa na wauguzi niliwaomba jambo moja. Mtu akija na jeraha la panga mkononi, kabla ya kushona afumbe macho, aguswe kila kidole kwa pamba. Ni kazi ya dakika moja.

Usishangae maumivu na baridi kali vikitangulia kurudi, mguso mwepesi ukachelewa. Mwaka 1903 daktari Henry Head wa London alikubali kukatwa neva ya ngozi ya mkono wake mwenyewe wa kushoto na kuungwa, kisha yeye na rafiki yake Rivers wakaipima ngozi hiyo kwa zaidi ya miaka minne. Alichokuta ndicho hicho. Mimi sikuhitaji hospitali. Nilijikata kidole cha shahada nikipaa changu, nikiwa na miaka 12, na mpaka leo ukinigusa ncha ya kidole hicho nahisi umenigusa katikati. Aksoni nyingine zilijiingiza kwenye mirija ya jirani, ndiyo hivyo tena. Nimezoea, ila nikishona nashika sindano kwa kidole kingine.

Ubongo unafundishika lakini. Kidole kitakapoanza kusikia hata kidogo, jaza mchanga kwenye sinia, ufukie korosho ghafi, punje za kunde, sarafu na kifungo cha shati. Fumba macho, papasa, taja umeshika nini kabla ya kutazama. Dakika kumi, mara mbili kwa siku. Kwa sasa vinyooshe vidole hivyo viwili kwa mkono wa pili, asubuhi na jioni, visije vikajikunja vikazoea. Na jikoni mkono huo hauna ruhusa. Hauna ruhusa pia kwenye kubangua korosho, maana yale mafuta ya ganda yanachoma ngozi na wewe hutajua mpaka uone malengelenge.

*Bibi, hapa Masasi duka la dawa wananiuzia vidonge vya neva, vitamini B. Nimevimeza mwaka mzima na nyayo bado zinawaka moto, hasa usiku. Niongeze dozi?*

Usiongeze. Vitamini B12 humsaidia aliyepungukiwa nayo. B6 ikizidi kwa muda mrefu inaziumiza neva za hisia, na dalili zake ndizo hizo hizo unazozitibu. Beba pakiti zako uende nazo kwa daktari, umwombe akupime na sukari, kwa sababu nyayo zinazowaka usiku mara nyingi ndiyo barua ya kwanza ya kisukari. Mwaka mzima wa vidonge ungeshalipia kipimo hicho mara nyingi.

*Shikamoo Bibi. Nakuandikia kutoka Mchinga. Mume wangu ni mkwezi. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja alianguka mnazini, mfupa wa mgongo ukavunjika chini ya kifua. Miguu haisogei, mkojo unatoka kwa mrija. Shemeji yangu alikatwa neva ya mkono na mashine, akashonwa, leo anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Neva si neva? Mbona ya mume wangu hairudi? Kuna mtu anasema nje ya nchi wanapandikiza seli shina, tuuze minazi tulipie. Na ndugu wanasema hajitahidi.*

Marahaba binti yangu. Pole, na mfikishie mwenzio pole yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Neva si neva? Hilo swali lako limewakosesha usingizi watu wenye hadubini kwa zaidi ya miaka mia. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania aliziona nyuzi za ugwe wa mgongo, ule mkanda mnene wa neva unaopita ndani ya mifupa ya uti, zikianza kuchipua baada ya kukatwa kisha zikikwama. Kitabu chake cha mwaka 1928 hakikuwapa watu wazima matumaini makubwa. Watu wakamalizia kwamba nyuzi za ugwe hazina nguvu ya kuota.

Mwaka 1981 huko Montreal, Kanada, Samuel David na Albert Aguayo walifanya jambo ambalo mimi kila nikilisimulia nasisimka. Walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya, chenye seli zake za Schwann, wakakitega kama daraja kutoka chini ya ubongo hadi kwenye ugwe. Nyuzi zile zile zilizosemwa haziwezi ziliingia kwenye daraja zikatambaa karibu sentimita tatu. Kwa panya hiyo ni safari ndefu. Zilipofika mwisho wa daraja na kuingia tena kwenye ugwe, kwao kwenyewe, zikasimama ndani ya milimita chache.

Uzi ni ule ule, kilichobadilika ni jirani. Shemeji yako alikatwa mkononi, mahali penye seli za Schwann. Mume wako ameumia mahali ambapo glia ni za ukoo mwingine na tabia nyingine. Mayelini ya ugwe inatengenezwa na seli zinazoitwa oligodendrosaiti. Ajali ikitokea, nyingi zinakufa, na zilizobaki hazigeuki kuwa wafanyakazi wa palizi. Mabaki ya mayelini ya zamani yanalala pale kwa miezi, hata miaka, na juu yake kuna protini zinazoiambia aksoni isimame. Martin Schwab na wenzake Zurich walilionyesha hilo mwaka 1988, na mwaka 2000 protini moja ya namna hiyo ikapewa jina la Nogo.

Halafu kuna astrosaiti, glia zenye umbo la nyota. Hizo baada ya jeraha zinavimba, zinasukana, zinajenga kovu lililojaa protini zenye sukari ambazo aksoni haiwezi kuzivuka. Mwaka 2002 watafiti wa London waliziyeyusha protini hizo kwa panya, wakitumia kimeng'enya cha bakteria, na panya wakapata nafuu ya kiasi. Tukashangilia sote, mimi nikiwemo, nikadhani kovu ndilo adui. Panya ambao seli zao za nyota zilizuiwa kujenga kovu walionyesha vingine. Kidonda kilitanuka, na mwaka 2016 watafiti wa Los Angeles wakaripoti kwamba bila kovu nyuzi hazikuota zaidi. Seli zile zilikuwa zinazuia moto wa jeraha usienee kwenye sehemu iliyo salama. Ukuta wa kuzuia bahari unakukinga na mawimbi, na huo huo unakuzibia njia ya kwendea pwani. Sisemi glia ndizo kila kitu. Nyuzi za ugwe wa mtu mzima zenyewe pia zina nguvu ndogo ya kuota kuliko za mkononi. Lakini tofauti ya mume wako na shemeji yako imekaa sana hapo.

Kwa hiyo hao ndugu wanaosema hajitahidi, wasomee aya hizo mbili kwa sauti. Mwanamume aliyekuwa anapanda minazi kwa miguu yake na kamba tu hakufundishwa uvivu na mnazi wa mwisho.

Minazi msiuze. Hakuna mahali popote duniani penye tiba iliyothibitishwa ya kuunganisha upya ugwe uliokatika. Dawa ya kuizuia ile Nogo imejaribiwa kwa binadamu. Huko Miami wagonjwa wamepandikizwa seli za Schwann zilizochukuliwa kwenye neva ya mguu wao wenyewe, kwanza kuona kama ni salama. Hayo ni majaribio, na jaribio la kweli kwa kawaida halimtozi mgonjwa bei ya dawa. Anayekutaka uuze shamba ndipo akupokee anafanya biashara.

Mwulize daktari swali hili kwa maneno haya: jeraha la mume wangu ni kamili au si kamili? Kama anasikia kuguswa karibu na njia ya haja kubwa, au anaweza kuibana hata kidogo, basi kuna nyuzi zilizopona. Nyuzi hizo zinaweza kuvishwa mayelini mpya na oligodendrosaiti zinazozaliwa upya, na mazoezi yanazifundisha kubeba mzigo wa wenzake. Huko ndiko nafuu ya wagonjwa wengi niliowaona ilikotoka, na mwaka wa kwanza ndio wenye mavuno zaidi. Kwenu imebaki miezi michache, wahini.

Sasa yale ambayo hayasubiri maabara yoyote. Mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku pia, mpeane zamu na watoto wakubwa. Kila asubuhi mtazame visigino, nyonga na mkiani. Pakiwa na wekundu usioondoka ukibonyeza, asilalie hapo kabisa. Akikaa, ajiinue kwa mikono kila robo saa. Mkojo ukibadilika rangi na harufu, au akipata homa na baridi, hospitali siku hiyo hiyo. Nimezika wagonjwa waliokuwa na nguvu za kifua kama dume la nyati, na kilichowaua hakikuwa mgongo, kilikuwa kidonda cha kulalia au figo.

Na kwa wakwezi wengine wa Lindi na huku kwetu: mwenzenu akianguka, msimbebe mgongoni wala kumkalisha kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Ng'oeni mlango. Alazwe juu yake, kichwa kimeshikwa kisiyumbe, aende hivyo hivyo hata kama gari litachelewa.

*Bibi, mimi ni mvuvi Kilwa Kivinje. Sijakatwa wala sijaanguka. Nina baka mkononi limepauka, nikilichoma na mwiba wa samaki sisikii. Siku hizi hata ndala inanivuka njiani nisijue mpaka nitazame. Wengine wanasema nimerogwa, wengine wanasema ni fangasi.*

Baka la fangasi huwasha na husikia. Lako halisikii, na hilo ndilo linalonifanya nikujibu wewe mwisho, ili ubaki nalo kichwani. Inawezekana ni ukoma. Usiruke. Vijidudu vyake, alivyovigundua Mnorwe Armauer Hansen mwaka 1873, vina tabia ya ajabu: vinaingia na kuishi ndani ya seli za Schwann, wale wapalizi wetu wa barua ya kwanza, wa ngozi na wa neva za mikono na miguu. Vinakua polepole mno, unaweza kukaa navyo miaka mitano kabla ya dalili. Mlezi akiugua, neva anayoilea inanyamaza bila panga wala mnazi, na kila mwezi unaopita unakula sehemu ambayo dawa haitairudisha.

Dawa mseto ipo, inatolewa bure, ni miezi 6 au 12 kutegemea aina, na ukishaanza kumeza huwaambukizi watu wa nyumbani kwako. Nenda wiki hii, kabla ya bamvua ijayo haijakuvuta baharini. Usiseme una fangasi. Sema hivi: nina baka lisilosikia, na mguu hausikii ndala. Asiyekupima kwa pamba, mwombe pamba.